Tundu la pini 9 nyuma ya mashine ya kanda: kwa nini kompyuta haijibiwi

SWALI: "Habari fundi. Nimepata mashine mbili za kanda kutoka studio iliyofungwa: Sony PCM-7030 ya DAT (kaseti ndogo za sauti ya kidijitali) na Revox B77 ya rili. Nina kanda za DAT zaidi ya mia moja na rili kama thelathini, nataka kuzihamishia zote kwenye kompyuta. Nyuma ya Sony kuna tundu la pini 9 la remote, sawasawa kabisa na la siriali kwenye kompyuta za zamani. Nikanunua kebo ya USB ya kwenda siriali, nikachomeka, nikafungua programu ya kutuma herufi, nikaandika PLAY. Kimya. Nikajaribu kasi zote kuanzia 1200 hadi 115200. Kimya. Rafiki yangu anasema huenda nimeshaiunguza. Revox nayo ina tundu la mviringo la remote. Je, linaweza kugeuzwa likawa la siriali? Lengo langu ni kuweka kanda tu, kompyuta iendeshe kila kitu, hata usiku nikiwa nimelala. Naanzia wapi?"

JIBU: Ndugu yangu, pole, lakini kimya hicho si dalili kwamba mashine imekufa. Kwa jinsi ulivyoiunganisha, hata mashine nzima isiyo na kasoro yoyote ingekaa kimya vilevile. Ulitumia umeme wa aina ambayo haiusikilizi, kupitia waya ambazo hazikukamilika, kwa maneno isiyoyajua. Tutanyoosha hayo matatu moja moja. Lile la kulala usingizi huku mashine zikijiendesha tutalifikia pia, na hapo sitakubaliana nawe.

Kilichokupoteza ni umbo la tundu. Soketi ya pini 9 ni chuma na plastiki tu. Haisemi ni umeme gani unaopita ndani yake. Kompyuta za zamani ziliitumia kwa RS-232, kiwango kilichoanza mwaka 1960. Watengenezaji wa mashine za studio wakachukua soketi ileile wakaitumia kwa RS-422, ambayo ni kitu kingine kabisa. Tena tundu la mashine ni la kike na la kebo yako ni la kiume, kwa hiyo vinaingiana bila kulazimisha. Hakuna kinachokuonya.

Katika RS-232 kila ujumbe unapita kwenye waya mmoja, na kipokezi hupima volti ya waya huo ikilinganishwa na waya wa ethi. Kati ya volti -3 na -15 ni 1. Kati ya +3 na +15 ni 0. Katika RS-422 kila ujumbe unapita kwenye waya mbili, A na B, na kipokezi hakijali sana kila mmoja una volti ngapi. Kinatazama tu upi umemzidi mwenzake, kama mizani ya sahani mbili inavyosoma uzito bila kujali meza iko juu kiasi gani. Tofauti ya volti 0.2 inakitosha. Kelele ikiingia njiani huingia kwenye waya zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo tofauti haibadiliki. Ndiyo maana studio ziliipenda: mashine ziliweza kukaa chumba cha mbali, mhariri akaziendesha kutoka mezani kwake. RS-422 inaweza kufika hadi mita 1200 kwa kasi ndogo, umbali ambao RS-232 haiuoni hata kwa ndoto.

Sasa tazama kebo yako ilikuwa inafanya nini hasa. Pini 3 ya kompyuta ndiyo inayotuma. Kwenye mashine, pini 3 ni waya B wa kupokea, na mwenzake A yuko pini 8. Lakini pini 8 ya kompyuta haitumi kitu. Nayo ni ya kupokea. Kwa hiyo sahani moja ya mizani ilikuwa inapandishwa na kushushwa, na ya pili imeachwa inaning'inia hewani. Ethi ya kompyuta iko pini 5, na pini 5 ya mashine haina kazi. Hata ungebahatisha kasi sahihi, hapakuwa na kitu cha kusomeka.

Je, kuna kilichoungua? Mahali pa kutilia shaka ni pini 7. Kwenye kompyuta, pini hiyo hutoa volti ya kusema "niko tayari". Kwenye mashine, pini hiyohiyo hutoa waya B wa kutuma. Hapo vitumaji viwili vilikuwa vinasukumana. Pini 4 ya kompyuta nayo ilikuwa inasukuma volti kwenye waya wa pamoja wa mashine, lakini vitumaji vya RS-232 hutengenezwa vikiwa vinavumilia kugusishwa na ethi, hilo lisikusumbue. Ukizingatia kwamba adapta nyingi za USB hutoa volti 5 au 6 tu, wala si 12, nafasi kubwa ni kwamba kila kitu kimepona. Na kama kitumaji cha mashine kimekufa kweli, hicho ni kichipu kidogo kilicho karibu na soketi. Mota, kichwa na saketi za sauti hazihusiki. Fundi wa elektroniki mwenye mkono mzuri hukibadilisha bila kugusa kingine. Kwa hiyo rafiki yako ana haki ya kuwa na wasiwasi, ila hana haki ya kutangaza msiba.

Cha kununua ni adapta ya USB kwenda RS-422, na hapa soma lebo kwa makini. Nyingi zinazouzwa ni za RS-485 ya waya mbili, ambazo hutuma na kupokea kwa zamu kwenye jozi moja. Hizo hazifai. Unataka jozi mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo utaona vituo vinne vya waya pamoja na ethi. Unganisha jozi ya kutuma ya adapta kwenye pini 8 na 3 za mashine: A, yaani upande wa kutoa, kwenye 8, na B, upande wa kujumlisha, kwenye 3. Jozi ya kupokea ya adapta iende pini 2 ambayo ni A, na pini 7 ambayo ni B. Ethi ya adapta iende pini 4 na 6. Basi. Usishangae ukikuta mtengenezaji wa adapta ameandika A na B kinyume, maana hili ni fujo la miaka mingi na hakuna aliyejali kulimaliza. Ukikosa jibu, badilisha A na B za jozi moja ujaribu tena, kisha za jozi nyingine, haidhuru kitu.

Kabla hujaigusisha na mashine, ipime adapta peke yake. Funga waya za kutuma kwenye waya zake yenyewe za kupokea, kujumlisha kwa kujumlisha na kutoa kwa kutoa, kisha tuma herufi yoyote. Ikirudi ilivyo, adapta na draiva yake ni nzima. Jaribio hili ni la dakika moja, na watu wengi hulikwepa halafu wanakesha wakiilaumu mashine.

Tuje kwenye lugha. Mashine haijui neno PLAY. Inajua itifaki ya Sony ya pini 9, ambayo ilienea mpaka ikawa lugha ya kawaida ya mashine za studio. Utaikuta kwenye mashine za video za Betacam kama BVW-75, na kwenye Tascam DA-88 iliyowekewa kadi yake ya SY-88. Kasi yake ni moja tu, 38400, yenye biti 8 za data, pariti ya witiri (biti ya ukaguzi inayofanya idadi ya 1 iwe witiri) na biti 1 ya kusimama. Hiyo pariti ndiyo ingekuangusha hata kama waya zingekuwa sawa, kwa sababu programu nyingi za kutuma herufi huanza bila pariti, na aliyebadilisha kasi pekee hajabadilisha kitu.

Amri zenyewe ni baiti, na huandikwa kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16. Amri ya kucheza ni 20 01 21. Kwenye baiti ya kwanza, tarakimu ya kushoto ni kundi la amri, na ya kulia ni idadi ya baiti za data zitakazofuata, ambazo hapa ni sifuri. Baiti ya pili ni amri yenyewe. Ya mwisho ni jumla ya zote zilizotangulia, ili mashine ijue kama kuna kilichoharibika njiani: 20 na 01 ni 21. Ukishaelewa hivyo, nyingine hazihitaji kukariri. Kusimama ni 20 00 20, kwenda mbele kwa kasi 20 10 30, kurudisha nyuma 20 20 40. Mashine ikikubali hujibu 10 01 11. Ikikataa hujibu kwa baiti zinazoanza na 11 12, na baiti inayofuata hueleza sababu: pariti imekosewa, jumla haikulingana, amri haijulikani, na kadhalika.

Ukipata kataa, furahi. Maana yake waya ziko sawa, kipokezi kizima, kitumaji kizima, na kilichobaki ni kurekebisha sentensi.

Amri ya kwanza kabisa kuituma ni 00 11 11, inayouliza "wewe ni mashine ya aina gani?" Haisogezi kanda wala haibadilishi kitu. Jibu lake huanza na 12 11, zikifuata baiti mbili za utambulisho na jumla. Lakini kwanza angalia mbele ya mashine kuna swichi ya LOCAL na REMOTE. Ikiwa kwenye LOCAL, mashine za aina hii kwa kawaida hukujibu maswali lakini hazitii amri za mwendo, na wengi huishia hapo wakidhani kuna hitilafu. Kama kuna matundu mawili ya pini 9, la IN na la OUT, tumia la IN. Na kama ina swichi ya kuchagua kati ya remote ya pini 9 na ya pini nyingi, iweke kwenye pini 9.

Kuna jambo la muda ambalo halionekani kwa macho. Itifaki inataka baiti za amri moja zifuatane bila pengo la kuzidi milisekunde 10, na mashine yenyewe hujibu ndani ya milisekunde 9. Kwa hiyo tuma amri nzima kwa mkupuo mmoja. Usichape baiti moja moja kwa mkono. Upande wa kompyuta, adapta zenye chipu ya FTDI hungoja milisekunde 16 kabla ya kukabidhi data chache zilizopokelewa, na hapo jibu lililowahi linaonekana limechelewa. Kwenye mipangilio ya draiva kuna namba hiyo. Ishushe hadi 1. Kwa programu, lugha ya Python na maktaba yake ya pyserial vinatosha kabisa, huna haja ya kitu kizito.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo programu nyingi za watu huharibikia. Ule ujumbe wa 10 01 11 unamaanisha "nimekusikia." Haumaanishi "nimefanya." Mashine ya DAT ikipokea amri ya kucheza ina kazi ndefu mbele yake: ivute utepe kutoka ndani ya kaseti, iuzungushe kwenye ngoma yenye vichwa, ngoma ifike mizunguko 2000 kwa dakika, kisha mota zishikane na mwendo uliorekodiwa kwenye utepe. Hilo huchukua sekunde kadhaa, na linaweza lisifanikiwe. Programu inayotuma PLAY, ikapata 10 01 11, ikaanza kurekodi faili na kwenda zake, imekubali ahadi badala ya kazi.

Dawa yake ni kuuliza hali. Tuma 61 20 03 84. Unaomba baiti tatu za hali kuanzia ile ya kwanza. Mashine inayocheza vizuri inaweza kukujibu hivi: 73 20 00 01 80 14. Ifungue. 73 inasema kuna baiti tatu za data. 00 ya kwanza inasema haiko LOCAL na kaseti imo ndani. Kama kaseti ingekuwa haimo, ungeona 20 hapo. 01 inasema inacheza. Kama ingekuwa inarudisha nyuma ungeona 08, na kama imesimama, 20. 80 inasema mwendo umeshikana. 14 ni jumla, ukiwa umeacha kinachozidi baiti moja. Programu yako iulize hivyo mara kadhaa kwa sekunde tangu mwanzo mpaka mwisho. Faili ianze kuandikwa kabla ya PLAY, usije ukapoteza mwanzo, lakini kipindi kihesabiwe kimeanza pale tu ile 80 ilipotokea. Ikipotea katikati, andika saa na dakika kwenye kumbukumbu za kanda hiyo. Hizo ndizo sehemu utakazorudi kuzisikiliza kwa masikio.

Amri ya kurekodi sijaiandika hapo juu, na nimeiacha kwa makusudi. Usiiweke kwenye programu yako kabisa. Huihitaji, na siku namba moja ikikosewa itafuta kitu kisicho na nakala. Sogeza pia kile kidude cha kuzuia kurekodi kwenye kila kaseti kabla ya kuiingiza.

Siriali inabeba amri tu, sauti ina njia yake. PCM-7030 ina njia ya kutoa sauti ya kidijitali, AES/EBU. Tumia hiyo, usipitishe sauti kwenye analogi halafu ukaigeuza tena. Rekodi kwa kiwango kilekile cha kanda, iwe 48 kHz, 44.1 au 32, kwa biti 16, na uiambie kadi ya sauti ifuate saa ya mashine. Saa zisipofuatana utasikia vidonda vidogo, tik, tik, kila baada ya muda, na utadhani kanda imeharibika.

Kuhusu Revox, jibu fupi ni kwamba tundu lile si la siriali na halikuwahi kuwa. Ni la kile tunachoita sambamba: kila kitufe kina waya wake, na kukibonyeza ni kuugusisha waya huo na waya wa pamoja kwa muda mfupi. Hakuna baiti, hakuna kasi, hakuna jibu linalorudi. Ukitaka kompyuta iendeshe B77, utahitaji kitu cha katikati, kwa mfano Arduino inayopokea amri kwa USB na kufunga relei ndogo au optokapla (swichi inayotumia mwanga), moja kwa kila kitufe, kwa sehemu ndogo ya sekunde kisha kuachia. Usiunganishe miguu ya Arduino moja kwa moja na tundu hilo. Mashine za enzi hizo zina volti za kuendeshea relei na solenoidi, kubwa mno kwa chipu ya volti 5. Pima kwanza kila pini kwa mita, mashine ikiwa imewaka, ukitumia mchoro wa kitabu chake cha huduma. Waya wa kurekodi, tena, uuache bila kuunganishwa.

B77 angalau ina saketi inayojua kama rili bado zinazunguka, hivyo ukitoka kwenye kasi ukabonyeza PLAY itangoja zisimame. Ndugu yake mkubwa A77, ya mwaka 1967, haina. Ukiiamuru icheze rili zikiwa kwenye kasi inaweza kukata utepe papo hapo, na kompyuta haioni aibu kuamuru hivyo. Hiyo A77 ina kituko kingine: bila plagi yake ndogo ya kuziba kwenye tundu la remote, haichezi. Watu wameifungua wakatafuta ugonjwa ambao haupo.

Lakini je, inafaa kuhangaika hivyo kwa B77? Kwa rili thelathini, mimi nasema hapana. Fikiria kazi yenyewe. Kila rili lazima uipitishe kwa mkono kwenye roleri na vichwa. Lazima uangalie ni ya njia mbili au nne, na ilirekodiwa kwa kasi gani, kwa sababu B77 ilitoka kwa matoleo tofauti: ya kawaida ni ya sentimita 9.5 na 19 kwa sekunde, na kuna ya 19 na 38. Lazima usikilize ukirekebisha mwinamo wa kichwa mpaka sauti za juu zifunguke, na mwinamo huo hutofautiana kati ya kanda na kanda. Ukishamaliza yote hayo, kubonyeza PLAY kwa kidole ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Hakuna cha kuokoa hapo. Utumie muda huo kusafisha njia ya utepe, na kwa rili rekodi kwa biti 24 na 96 kHz, kwa kuwa hapa unabadilisha analogi na hutaki kurudia.

Kwa DAT ni tofauti, na ndiyo maana nimekueleza kwa urefu. Pale siriali inakupa kitu ambacho kidole hakikupi: kumbukumbu ya hali ya mashine kila sekunde, kwa kila kanda.

Sasa usiku. Kwanza, hesabu tu: DAT ya kawaida ya muda mrefu ni ya saa 2. Ikiisha, nani ataitoa aweke nyingine? Ungeamka na kanda moja imekwisha. Pili, mambo yanayoharibu kanda huharibu haraka. Utepe wa DAT ni mwembamba sana na umezungushwa kwenye ngoma inayokwenda mbio. Ukikwama, kila sekunde inayopita unazidi kujisokota. Rili za miaka ya 1970 hadi 1990 zina balaa lao: gundi inayoshikilia unga wa sumaku, hasa kwenye kanda kama Ampex 456, hunyonya unyevu ikaanza kunata. Kanda hupiga kelele kama mlio wa breki, inaacha tope la kahawia kwenye vichwa, na ukiendelea kuicheza unang'oa sauti yenyewe. Hakuna baiti ya hali inayosema "naanza kunata." Hilo hugunduliwa na sikio na pua ya mtu aliyepo.

Kwa hiyo napendekeza kitu cha katikati. Kaa chumba hichohicho ukifanya shughuli zako nyingine, sauti ikisikika kwa chini, na programu ipige kengele mara mambo matatu yanapotokea: mashine imeacha kucheza kabla ya wakati, mwendo uliokuwa umeshikana umeachia, au mashine haijajibu kwa sekunde mbili. Katika hilo la tatu programu ipige kengele tu, isianze kumimina amri mpya kwa mashine isiyojibu. Kanda ikiisha, itume kusimama, kisha 20 04 24, ambayo hulegeza utepe kwenye ngoma. DAT iliyoachwa kwenye pozi huku ngoma ikizunguka inakula utepe mahali pamoja na inakula vichwa pia.

Anza na kaseti isiyo na thamani yoyote. Icheze mwanzo hadi mwisho chini ya programu, irudishe, icheze tena, uitoe uutazame utepe kwenye mwanga. Ukiona mikunjo pembeni au mistari, shida iko kwenye mashine, na kanda zako za kweli zingoje.

Kuna mambo ambayo sitaki uyajaribu kwa kusoma maandishi yangu. Kwenye saketi ya umeme ya mashine zote mbili kuna kapasita zinazobaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya, kwa hiyo ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi au fyuzi ikakatika mara ya pili, zima, chomoa, mpelekee fundi wa mashine hizi. Kaseti ikikwama ndani ya DAT usiendelee kubonyeza kitufe cha kuitoa, maana kila jaribio huvuta utepe zaidi. Izime ilivyo, fundi aifungue na autoe utepe kwa mkono. Mpangilio wa ngoma na miongozo yake nao ni kazi ya mwenye vifaa vya kupimia, si ya bisibisi na kukisia. Kanda zenye unga mweupe wa ukungu zitenge kwenye mfuko, zisiguse mashine, kwa sababu ukungu huhama na ni mbaya kwa mapafu yako. Rili zinazonata hutibiwa kwa joto la takriban nyuzi 54 za selsiasi kwa saa nyingi, kwenye chombo kinachoshikilia joto hilo bila kuyumba. Jiko la kuokea halifai kabisa, na wapo wataalamu wa kuhifadhi sauti wanaoifanya kazi hiyo kila siku.

Ukishapata adapta na ukatuma 00 11 11, ninakilie baiti zote zitakazorudi, hata zikionekana takataka, pamoja na jina la adapta na waya ulivyozipanga. Baiti za takataka zinaeleza mengi: mara nyingi ni A na B zilizopishana, na hilo husomeka humohumo.